Kijembe, Jembe na Chapa: Namna Tulivyokipima Kisu

Nilipokwenda Mpanda kumjulia hali baba yangu mdogo, aliniagiza kitu kimoja tu: kisu cha kukunja, chenye kuingia mfukoni. Yeye ni mrina asali wa siku nyingi, na kisu cha kukatia masega ni kwake kama kalamu kwa mshairi. Nilikinunua Makanyagio, kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai kando ya njia. Kiling'aa kama kioo, na ubavuni kilichorwa jina la mji wa Ulaya unaosifika kwa visu. Jina lilinitosha.

Jioni nilimkabidhi. Hakulisoma jina. Alikifungua polepole huku ametega sikio. Aliishika ncha akaitikisa. Alikiinua penye mwanga wa mlango akayatazama makali kwa jicho moja. Mwishowe aliuegemeza mgongo wa bapa juu ya kigogo, vidole vyake amevitoa kwenye njia ya makali, akasukuma kidogo tu. Kisu kikajikunja. Akanirudishia, akasema, "Mwanangu, hili ni pambo."

Sikupata la kujibu, maana kwenye vidole vya mkono wake wa kulia niliyaona makovu mawili ninayoyajua. Miaka kadhaa iliyopita, akiwa juu ya mti, moshi umemjaa machoni na nyuki wamemzingira, kisu cha namna hiyo hiyo kilijikunja juu ya vidole vyake. Aliteremka kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo jina la kisu halisomi. Hukiuliza kisu chenyewe.

Hukumu ile, isiyozidi dakika tatu, ilinifanya nijiulize: kabla ya chapa, watu wetu walikijuaje chuma chema? Sehemu ya jibu, nimeona, imo ndani ya lugha.

Tulianze neno kijembe. Sisi wa ushairi tunalijua zaidi kwa maana ya neno la mafumbo linalomchoma mtu. Lakini kijembe pia ni kisu kidogo, na umbo lake latuambia waziwazi kuwa ni jembe dogo. Ukoo huo si wa bure. Katika bara la Tanzania, jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilitolewa mahari, na lilibadilishwa kwa mifugo na chakula kama fedha. Kitu chenye thamani hiyo hakipokelewi bila kupimwa.

Kusini mwa Mpanda, katika nyanda za Ufipa, kazi ya chuma ilifikia kiwango ambacho kimewashughulisha wanaakiolojia, akiwemo Profesa Bertram Mapunda. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, yenye kufikia kiasi cha mita 3, yaitwayo malungu. Moja ni ilungu. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto, kwani lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi bado, kwa kuwa kilichanganyika na mavi ya chuma. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kukisafisha kwa moto wa pili. Baada ya hapo ndipo kilipofika kwenye fuawe ya mhunzi. Kila hatua ilikuwa na macho ya kuhukumu, na chuma kibovu kilikuwa na nafasi nyingi za kukataliwa kabla ya kuitwa jembe. Baadhi ya malungu yangali yamesimama hadi leo, makavu, kimya.

Mnunuzi wa wakati huo hakuwa na haja ya chapa. Chapa ya jembe ilikuwa uso wa mhunzi. Likipinda katika msimu wa kwanza, anajulikana alipo.

Pwani nako kulikuwa na mizani yake. Waswahili walitenga chuma, pua na feleji. Feleji ni chuma bora kilichosifiwa katika panga. Pua ni chuma kigumu chenye kushika makali, na mhunzi aliweza kukitia pua chombo cha chuma laini ili kipate ukali wa kudumu. Leo tukisema "chuma cha pua" wengi wetu tunafikiria sufuria inayong'aa isiyoshika kutu. Maana imesogea, na katika kusogea kwake imetupotezea tofauti muhimu: kutoshika kutu ni sifa moja, kushika makali ni sifa nyingine. Kisu changu cha Makanyagio kilikuwa na ya kwanza kwa wingi, na ya pili hakikuwa nayo.

Chapa nayo ina historia yake, wala si historia ya uaminifu mtupu. Sheffield, Uingereza, chama cha mafundi visu wa Hallamshire kiliundwa kisheria mwaka 1624, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusimamia alama za mafundi. Kadiri jina la Sheffield lilivyopata sifa ndivyo wengine walivyolitamani. Katika karne ya 19, visu vilivyotengenezwa Solingen, Ujerumani, viliuzwa vikiwa vimegongwa jina la Sheffield. Uingereza ikatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na bidhaa za Kijerumani zikalazimika kutaja nchi yao. Maneno yaliyokusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi yakaja kugeuka sifa, kwa kuwa kazi ya Wajerumani iliendelea kuwa njema. Kufikia mwaka 1938 ilikuwa zamu ya Ujerumani kulilinda jina la Solingen kwa sheria. Aliyeghushi juzi, kesho hulia kughushiwa.

Nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani hao mwaka 1902, ulipoanza kutengenezwa kwao kisu cha kukunja kilichokusudiwa makoloni ya Afrika: Okapi. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye sayansi ya Ulaya ilikuwa imemtambua mwaka mmoja tu kabla. Mpini wake ni wa mbao wenye alama za miezi na nyota, na mgongoni kina kipete cha kuvuta ili bapa liachiwe na kukunjwa. Chuma chake ni cha kaboni, kwa hiyo hushika kutu kisipofutwa, ila hunoleka upesi kwa jiwe la kawaida. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Nakitaja kwa sababu kinathibitisha alilonifundisha baba mdogo: kisu kinaweza kuwa chema bila kung'aa.

Vyuma vya viwandani vilizidi kuingia, na kufikia miaka ya 1930 malungu ya Ufipa yalikuwa yamekwisha kuzimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, reli ya tawi kutoka Kaliua ilikuwa imekwisha kufika Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, na bidhaa za mbali zikapata njia fupi zaidi. Wahunzi hawakutoweka. Waligeukia springi za magari mabovu, ambazo ni chuma kigumu kweli. Lakini uso wa mhunzi uliondoka mbele ya mnunuzi, mahali pake pakakaliwa na jina lililochorwa.

Kesho yake tulirudi Makanyagio pamoja. Mzee alichukua visu vinane, kimoja kimoja, mchuuzi akimtazama kwa subira. Kwanza ni sikio: bapa likifunguka lifike mwisho kwa mlio mmoja mkavu. Pili ni mtikisiko: ncha ikichezacheza kushoto na kulia, msumari wa kiungo umelegea tangu kiwandani. Tatu ni mwanga: makali mema hayaonekani, ukiona mstari unaometa, hapo ni butu au pamepinda. Nne ni komeo, alilolijaribu kwa kigogo kama jana. Tano ni tupa, aliyokuja nayo mfukoni na kuomba ruhusa ya kuigusisha karibu na shina la bapa: ikiteleza, chuma ni kigumu; ikiuma kwa urahisi, ni laini. Sita ni kazi yenyewe. Alichonga kijiti kikavu, kisha akakata jani la nyasi lililosimama bila kushikwa. Makali yaliyopikwa kupita kiasi humeguka. Yaliyopikwa pungufu hulala.

Kimoja tu kilipita, cha rangi ya majivu, kisicho na jina lolote. Bei yake ilikuwa nusu ya kile changu.

Tukiwa tunaondoka, kijana mmoja aliyekuwa akitutazama aliuliza, "Mzee, hicho ni orijino au feki?" Baba mdogo alisita, kana kwamba ameulizwa kwa lugha ngeni, akajibu, "Kinakata."

Jibu hilo nimekaa nalo tangu hapo. Sokoni tumebaki na maneno mawili, orijino na feki, na yote mawili yanaihukumu chapa. Hakuna hata moja linalohukumu makali. Bapa, ncha, mgongo, komeo, pua, feleji: haya ni maneno ya watu walioshika chuma mkononi na kukidai ukweli. Tukiyaacha yazimike kama malungu, tutaendelea kununua visu, lakini hatutakuwa na namna ya kuviuliza. Na anayepanda mtini na kisu ambacho hakuweza kukiuliza ataulipia ujinga huo kwa vidole.