Kuatamia Kinywani

Jike wa Pseudocrenilabrus multicolor akishataga huacha kula. Ngozi ya chini ya taya yake hutuna na kuning'inia, na taya zenyewe huchezacheza polepole bila kumeza chochote. Mfugaji mgeni hudhani samaki wake anaumwa. Kumbe mayai yote, makumi kadhaa, yamo humo kinywani, na yatakaa humo siku 10 hadi 14 hivi, kutegemea joto la maji, mpaka yaanguliwe na watoto wapate nguvu ya kuogelea wenyewe.

Tabia hii inahitaji jina la Kiswahili, na inalihitaji hasa kwa sababu samaki wenyewe ni wa kwetu. Multicolor, ambaye urefu wake hauzidi sana sentimita 8, ni wa bonde la Naili, kuanzia Misri hadi vinamasi vya mafunjo vya Uganda na kingo za Ziwa Viktoria. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1903, na tangu miaka hiyo amefugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya. Furu wa Ziwa Viktoria wana tabia hiyo hiyo. Mbuna wa Ziwa Nyasa vilevile. Hata sato tunayemla kwa ugali alianzia maisha kinywani mwa mama yake.

Maneno yanayokuja upesi ni matatu: kubeba mayai mdomoni, kutotoa mdomoni na kulea mdomoni. Yote yana ukweli ndani yake, ila kila moja linashika kipande tu. Anayebeba anaweza kuwa mchukuzi asiyejali mzigo wake, na jike huyu hafanani kabisa na mchukuzi. Kutotoa ni tukio moja tu, pale yai linapopasuka. Hakusemi lolote juu ya siku zote zilizotangulia. Kulea nako huanza mtoto akishakuwepo. Tunachotafuta ni neno la kukaa na yai tangu litagwe hadi mtoto aweze kuogelea, na neno hilo tunalo miaka mingi: kuatamia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kuatamia ni kulalia mayai, nalo ni la kuku na ndege wenzake, tena kuku huyapa mayai joto. Samaki hana joto la kumpa mtu. Lakini wafugaji wa samaki walikwishavuka mpaka huo zamani. Katika mabwawa ya sato na perege watoto wa samaki huitwa vifaranga, na kazi ya kuwapata huitwa kutotolesha vifaranga. Hakuna anayeshangaa wala kuuliza manyoya yako wapi. Lugha ikiwa imeshampa samaki kifaranga, sioni kwa nini imnyime mama yake tendo la kuatamia.

Tena kazi ya kuku si joto peke yake. Huyageuza mayai kwa mdomo wake, huyalinda, na siku hizo hula kidogo sana. Jike wa multicolor hufanya yote hayo kwa namna ya majini. Zile taya zinazochezacheza zinayageuza mayai na kuyapitishia maji mapya, maana yai la samaki linahitaji oksijeni na likikaa mahali pamoja bila maji kupita hushikwa na kuvu. Jambo hilo lina uzito zaidi kule kwenye vinamasi vya mafunjo, ambako oksijeni ni haba. Watafiti waliofanya kazi Uganda wamekuta multicolor wa vinamasini wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji yenye hewa ya kutosha. Kwa jike mwenye kinywa kilichojaa, kila pumzi ni yake na ya mayai.

Kuhusu mdomo au kinywa, nachagua kinywa. Katika mazungumzo mdomo unatosha, na sitamkosoa mfugaji anayesema mdomoni. Ila mdomo ni pia ile midomo ya nje, na ni mdomo wa ndege. Kinywa ni ile nafasi ya ndani, na ndiyo inayotanuka mpaka koo linaning'inia. Kwa maandishi ya elimu basi: kuatamia kinywani, na samaki wenye tabia hiyo ni waatamiaji wa kinywani.

Istilahi hii inatusaidia kueleza jambo zito lililotokea Ziwa Viktoria. Samaki anayeatamia kinywani hawezi kuwa na mayai mengi. Kinywa kina kikomo chake. Sangara, mla samaki wenzake aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha. Sangara alipoongezeka kwa wingi katika miaka ya 1980, furu walipungua kwa kasi ya kutisha, na spishi nyingi hazijaonekana tena. Uvuvi wa kupita kiasi na maji kuchafuka vilichangia. Lakini ukijua kuwa jike wa furu huokoa watoto kwa makumi tu, kisha akimezwa huenda pamoja nao wote, unaelewa kwa nini hawakuweza kuziba pengo.

Kwa anayefuga nyumbani, maneno mengine yanafuata yenyewe. Tangi la lita 60 lenye mchanga, mimea na maji ya nyuzijoto 24 hadi 26 linamtosha dume mmoja na majike kadhaa. Dume huchimba kishimo mchangani na kumwita jike; jike hutaga mayai machache machache na kuyaokota papo hapo. Baada ya hapo ni vyema kumhamisha jike taratibu, jioni taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu akishtuka anaweza kuyatema au kuyameza. Siku ya kutema ikifika huwaachia vifaranga mwenyewe, na kwa siku kadhaa wao hukimbilia tena kinywani wakiogopa. Wapo wafugaji wanaomfungua jike kinywa kabla ya wakati wake ili kuyatoa mayai. Huko ni kumtemesha. Wenye vituo vya kutotolesha vifaranga vya sato hufanya hivyo kwa sababu za biashara. Kwa tangi la nyumbani silipendi jambo hilo. Linamnyima mfugaji kuona kile alichomfugia samaki huyu.

Vifaranga wanaorudi kinywani baada ya kutemwa hawaatamiwi tena. Hapo ndipo kulea kunapochukua nafasi yake. Mpaka huo ni safi kwa multicolor na kwa furu. Katika Ziwa Tanganyika unafifia. Jike wa Tropheus hutaga mayai machache makubwa sana na kukaa nayo kama mwezi mzima, na katika muda huo huendelea kuparuza mwani kwenye mawe, chakula kikiingia kinywani na kuwafikia watoto walioanguliwa humo humo. Kwake yeye itabidi tuandike yote mawili: huatamia kinywani, kisha hulea kinywani, bila kutema katikati.