Sarafu ya Kilwa iliyookotwa Australia inavyotufunza kusoma historia

Mwaka wa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa akihudumu katika kituo cha rada kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Siku moja akiwa hana zamu alishika mshipi wake akaenda ufuoni kuvua samaki. Mchangani akaona sarafu. Alipomaliza kuokota, zilikuwa tisa. Akazitia ndani ya mkebe, vita vikaisha, akarudi nazo nyumbani na mkebe ukasahauliwa.

Ilipofika mwaka wa 1979 ndipo alipozikumbuka na kuzipeleka zichunguzwe. Nne zilitambuliwa kuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India. Hizo hazikushangaza sana, kwa kuwa Waholanzi walikuwa na makao Indonesia, si mbali na hapo. Zile tano nyingine ndizo zilizowakodoa wataalamu macho. Zilikuwa za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu, na zilikuwa zimefuliwa Kilwa.

Naam, Kilwa hii hii yetu ya Waswahili, kisiwa kilicho kusini mwa pwani ya Tanzania. Kutoka Kilwa hadi Visiwa vya Wessel ni zaidi ya kilomita 10,000 za bahari. Hivi, sarafu za shaba, ambazo mtu alinunulia vitu vidogo vidogo sokoni, zilivukaje maji hayo yote?

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuijue kwanza Kilwa yenyewe. Kati ya karne ya 11 na ya 15 mji huu ulikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu zaidi Afrika Mashariki. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyotoka bara, katika nchi tunayoiita Zimbabwe leo, ikapitia bandari ya Sofala na kupandishwa majahazini kuelekea kaskazini. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka wa 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye alimsifu kwa ukarimu wake. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba kubwa linalohusishwa na utawala huo, yangali yamesimama juu ya mwamba yakiitazama bahari.

Watawala wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hapa penye utamu kwa sisi watu wa lugha ni kwamba maneno ya upande wa pili yalichaguliwa ili mwisho wake ulandane na jina la sultani lililo upande wa kwanza. Kwa ufupi, sarafu ya Kilwa ina vina. Ukiigeuza mkononi, umesoma mishororo miwili inayokubaliana. Pwani ambayo imelea washairi kwa karne nyingi ilitia kina hata katika pesa za kununulia mboga.

Lakini sarafu hizo za shaba zina upungufu mmoja unaomsumbua mwanahistoria. Hazina tarehe, wala hazitaji mji zilikofuliwa. Tunazihusisha na Kilwa kwa sababu majina yaliyoandikwa yanalingana na ya watawala wake, na kwa sababu zimepatikana kwa wingi Kilwa kwenyewe na visiwa vya jirani kama Mafia na Songo Mnara. Maana yake ni kwamba mahali sarafu ilipookotwa ni sehemu ya maandishi yake. Ukiiondoa pale bila kuandika ilikuwa wapi, umefuta nusu ya habari.

Ramani ya mahali zilipopatikana inatuambia jambo jingine. Sarafu za shaba za Kilwa hazikusafiri sana. Dhahabu hupimwa kwa uzito na hukubaliwa popote, ilhali shaba iliyopigwa jina la sultani ina thamani pale tu ambapo sultani huyo anatambuliwa. Ni kama shilingi kumi yako ukiivusha mpaka wa pili na kujaribu kununulia chai. Ndiyo sababu wanaakiolojia walifurahi sana mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipotangazwa kwamba sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe. Kipande hicho kimoja cha shaba, kilichokutwa mamia ya kilomita kutoka baharini, kiliunga mkono kile ambacho maandishi ya kale yalikuwa yakidokeza, kwamba wajenzi wa kuta zile za mawe na Waswahili wa Kilwa walikuwa katika mtandao mmoja wa biashara. Kwa muda mrefu walowezi walikuwa wamedai kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, eti Mwafrika hangeweza. Sarafu ile iliwaonyesha Waafrika wa bara na wa pwani wakifanya biashara na ulimwengu.

Sasa turudi Australia. Wataalamu wametoa maelezo kadhaa. Wapo wanaosema kwamba jahazi lililokuwa na watu wa Kilwa au washirika wao lilifika huko, pengine kwa kusukumwa na pepo. Wengine wanawataja Wareno, ambao waliipora Kilwa mwaka wa 1505, wakaiteka Goa mwaka wa 1510 na Malacca mwaka wa 1511, kisha wakafika Timor, karibu kabisa na Australia. Baharia aliyeshiriki uporaji ule angeweza kubaki na sarafu chache mfukoni kama kumbukumbu. Wapo pia wanaowataja wavuvi wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi, ambao walikuwa wakienda kaskazini mwa Australia kutafuta majongoo bahari ya kuwauzia Wachina. Mwaka wa 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara uliorudi visiwani, akitumia ramani ambayo Isenberg mwenyewe alikuwa ameitia alama ya mahali alipookota. Mjadala haujafungwa hadi leo.

Kwa nini haujafungwa? Si kwa sababu sarafu zenyewe hazisomeki. Ni kwa sababu zilitoka mchangani bila ushahidi ulioandamana nazo. Je, zile tano za Kilwa na zile nne za Waholanzi zilikuwa zimelala pamoja katika tabaka moja la udongo? Kama ndivyo, zilifika wakati mmoja, karne nyingi baada ya Kilwa kuanguka. Je, zilikuwa mbalimbali? Basi huenda zile za Kilwa zilitangulia sana. Jibu la swali hilo lilipotea siku ile ile ya 1944, na hakuna maabara inayoweza kulirudisha. Isenberg hana lawama. Alikuwa mwanajeshi aliyekwenda kuvua.

Linganisha na yaliyotokea kwetu Kenya. Mwaka wa 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya walipata huko Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati. Mwaka wa 2013 kikosi kilichoongozwa na Mkenya mwenzetu, Profesa Chapurukha Kusimba, pamoja na Sloan Williams, kilitangaza kupata nyingine kisiwani Manda, katika kaunti ya Lamu. Zote mbili zina jina la enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15 na kumtuma amiri Zheng He katika safari za Bahari Hindi. Ni katika enzi hiyo, mwaka wa 1415, ambapo twiga kutoka Malindi alifikishwa katika ikulu ya China. Tofauti na zile za Wessel, sarafu hizi zilikutwa na watafiti waliokuwa na daftari na vipimo, waliojua ni udongo upi uliozifunika na vigae gani vilivyokuwa kando yake. Kwa hiyo zinaweza kuhojiwa, na zikajibu.

Mwanaisimu anapoyasikia haya hawezi kutofikiria maneno, maana nayo huokotwa mbali na yalikozaliwa. Katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka wa 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za madini ya fedha, pamoja na chache za dhahabu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, vilipatikana visarafu vya fedha vilivyofuliwa kabla ya mwaka wa 1000. Ndiyo maana tunasema "Waziri wa Fedha" hata ingawa wizara yake haina kipande cha madini hayo. Fedha ni neno la Kiarabu la madini yale meupe, na limebaki mdomoni baada ya madini kutoweka mfukoni. Sarafu nalo linatokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kubadilisha fedha. Pesa ni paisa ya Kihindi, kisarafu cha shaba kilichoenezwa huku na biashara ya Bahari Hindi. Mwaka wa 1888 kampuni ya Waingereza ilitoa pesa za shaba zenye jina la Mombasa. Leo tunatumiana pesa kwa simu, hakuna shaba wala karatasi, lakini jina ni lile lile.

Hela nalo ni Heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika katika koloni lao mwaka wa 1904. Ndiyo maana neno hilo limeota mizizi zaidi Tanzania kuliko kwetu. Mpaka wa wakoloni bado unasikika watu wanapozungumza kuhusu chapaa.

Na thumuni je? Waliokuwa wakitumwa dukani zamani wanaijua kuwa senti 50, yaani nusu ya shilingi. Lakini kwa Kiarabu thumuni ni sehemu ya nane. Nusu ikawaje sehemu ya nane? Jawabu ni kwamba thumuni haikuwa ya shilingi hapo mwanzo. Ilikuwa sehemu ya nane ya reale, ile sarafu kubwa ya fedha iliyotawala biashara ya pwani katika karne ya 19. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia mwaka wa 1921, neno lilihamia kwenye sarafu mpya yenye thamani iliyokaribiana. Ukilichukua neno thumuni peke yake utadhani Waswahili hawakujua hesabu. Ukilirudisha mahali pake, hesabu inakubali.

Hapo ndipo ninapowaombea wasomaji wa pwani na wa bara jambo moja. Watu wanachimba misingi ya nyumba, visima na vyoo kila siku katika ardhi iliyokaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sarafu zinaibuka. Wapo wanunuzi wanaozitafuta, na mtu anayepewa elfu mbili taslimu kwa kipande chenye kutu huona amebahatika. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inamtaka aliyevumbua kitu cha kale awaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, na aeleze mahali hasa alipokiona na hali aliyokikuta. Hilo la mahali halikuwekwa kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa tuna simu mikononi, kabla ya kukigusa kipige picha kikiwa pale pale kilipolala, kisha uwaite wenye ujuzi. Mnunuzi hulipia shaba tu. Habari iliyo katika udongo ulioizunguka hailipii, na ikishatawanywa kwa jembe hakuna anayeweza kuinunua tena.