Jina Halisi, Habari ya Uongo: Juba, Julai 2016

Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, afisa wa uhamiaji hutazama pasipoti, kisha uso, kisha pasipoti tena. Akiridhika kwamba hivyo viwili ni vya mtu mmoja, hugonga muhuri. Hamuulizi msafiri kama atakayoyasema mjini yatakuwa ya kweli. Ukaguzi huo una kazi yake na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaotaka kuuhamishia mitandaoni, wakitumaini kwamba huko utafanya kazi ambayo hata uwanjani haufanyi.

Hoja yao imezoeleka katika ukanda wetu: uvumi unaoua hutoka kwa akaunti bandia, kwa hiyo kila akaunti ifungamanishwe na kitambulisho na mwongo atakosa pa kujificha. Kwamba kujifanya mtu mwingine ili kudhuru ni kosa, hakuna anayebisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza, ya Kenya ya 2018 inakataza. Ubishi unaanza pale kosa hilo linapogeuzwa kuwa chanzo cha maafa. Kwa Sudan Kusini, chapisho linalotajwa kuliko mengine yote linaipinga hoja hiyo moja kwa moja.

Jioni ya tarehe 8 Julai 2016, Rais Salva Kiir na Makamu wa Kwanza wa Rais Riek Machar walikuwa pamoja J1, ikulu ya Juba. Msemaji wa Machar, James Gatdet Dak, akaandika Facebook kwamba bosi wake amekamatwa. Haikuwa kweli: Machar alikuwa ndani, na Rais. Nje, walinzi wa pande mbili walimiminiana risasi. Mapigano yalizuka upya tarehe 10, yakafika hadi karibu na uwanja wa ndege, na Kenya Airways ikasitisha safari zake. Mamia ya watu walipoteza maisha, na Machar akaukimbia mji.

Sasa mtazameni mwandishi wa chapisho lile. Jina lilikuwa lake, cheo kilikuwa chake. Lau kungekuwa na dirisha la uhamiaji la Facebook, yeye angekuwa wa kwanza kugongewa muhuri. Nathubutu kwenda mbali zaidi: uhalisi huo ndio uliolipa chapisho makali. Akaunti feki yenye jina la Gatdet ingeacha mwanya wa shaka, na mwenye shaka hupiga simu kuuliza kwanza. Neno la msemaji mwenyewe halimwachii mtu sababu ya kuuliza.

Nitaambiwa kwamba nalibebesha chapisho moja mzigo wa vita. Ni kweli kwamba siku moja kabla, askari walikuwa wameuawa kwenye kizuizi cha barabarani huko Gudele, kitongoji cha Juba, na mji ulikuwa tayari umejaa silaha na chuki. Nakubali. Lakini mwenye pingamizi hilo hawezi tena kunirudia na kitambulisho kama dawa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: jina halisi angalau humfikisha mkosaji mbele ya sheria. Hapa inafaa kuufuata mkasa wa Gatdet hadi mwisho. Tarehe 1 Novemba 2016, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimwondoa Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki, Mkenya, kwenye uongozi wa kikosi cha umoja huo Sudan Kusini. Gatdet akaisifu hatua hiyo hadharani, kwa jina lake. Siku iliyofuata alikamatwa Nairobi, na tarehe 3 akasafirishwa kwa ndege hadi Juba, ingawa UNHCR ilimtambua kuwa mkimbizi. Februari 2018 alihukumiwa kunyongwa. Kiir akamsamehe, akatoka gerezani Novemba mwaka huohuo. Kwa jinsi matukio yalivyofuatana, kilichompandisha ndege hakielekei kuwa uongo wa Julai. Yalikuwa maoni, na maoni hayana ukweli wala uongo wa kukaguliwa. Jina halisi lilirahisisha kumpata, na aliyetaka kumpata ndiye aliyechagua kosa.

Mfano wa Uganda unatumiwa sana dhidi ya msimamo kama wangu. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 14 Januari 2021, Facebook ilifuta mtandao wa akaunti, zikiwemo bandia, zilizochapisha habari za kumpigia debe Rais Museveni. Basi bandia zina madhara! Zinayo. Ila Facebook ilizihusisha na kituo kilicho chini ya wizara ya teknolojia ya habari, yaani serikali ileile ambayo, chini ya mpango wa vitambulisho, ingeshika daftari la majina.

Mzaha wa kujifanya mtu mwingine nao unasombwa bila hatia na gharika hii ya kupiga vita akaunti bandia. Waswahili tunao utani, na katika baadhi ya makabila ya Tanzania mtani huweza hata msibani kuigiza sauti na mwendo wa marehemu, wafiwa wakacheka huku wakilia. Hakuna anayedanganyika, kwa sababu wote wanamjua mtani ni nani kwao. Tangu Aprili 2025, mtandao wa X unazitaka akaunti za mzaha zijitambulishe mwanzoni mwa jina. Mtani wa kuvalishwa kibandiko! Lebo humsaidia msomaji mgeni, sikatai, lakini uhusiano unaoufanya mzaha ueleweke hauletwi na lebo.

Januari 2025 Juba ilijaribu njia nyingine. Video za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, zilichochea ghasia dhidi ya Wasudani mjini, na tarehe 22 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ikaamuru Facebook na TikTok zifungwe kwa muda usiozidi siku 90. Amri iliondolewa baada ya siku chache. Mauaji yale yalikuwa yametokea kweli. Kwa mara nyingine, si akaunti bandia.

Ninachopendekeza ni wajibu wa kusahihisha: msemaji yeyote wa umma apimwe kwa muda anaochukua kukanusha lililo la uongo, hasa alilolisema mwenyewe. Kwa mji ambao habari huruka kwa simu kutoka ughaibuni, dakika kumi ni nyingi. Oktoba 2016 uvumi ulipoenea kwamba Kiir amekufa, alipanda gari akaizunguka Juba, na watu wakamwona.