Madarasa Binafsi ya Anatomia London na Edinburgh, 1745–1832

Hadi kufikia mwaka 1745, kijana aliyesomea upasuaji mjini London alikuwa na nafasi finyu mno ya kuuona mwili wa binadamu ukifunuliwa, kwa kuwa Chama cha Vinyozi na Wapasuaji, kilichounganisha kazi hizo mbili tangu 1540, kilihodhi haki ya kupasua maiti na kumtoza faini mwanachama aliyefanya hivyo nje ya ukumbi wake. Wapasuaji walipojitenga na vinyozi mwaka huo, kizuizi hicho kililegea, na hapo ndipo tuisheni ya anatomia, yaani mafunzo ya kulipia kuhusu maumbile na viungo vya mwili, ilipopata uwanja wa kustawi.

Aliyeitumia fursa hiyo kuliko wengine ni William Hunter, Mskoti aliyezaliwa 1718, ambaye mwaka 1746 alitangaza gazetini kwamba angefundisha upasuaji wa maiti kwa mtindo wa Paris. Katika mtindo huo mwanafunzi hakukaa kwenye benchi akimtazama mwalimu kwa mbali, bali alipewa maiti yake na kisu chake, akatafuta mwenyewe njia ya mshipa mmoja mmoja mpaka mkono ukazoea. Mdogo wake John, aliyejiunga naye mwaka 1748, aliandaa vielelezo, ambavyo ni viungo vilivyohifadhiwa katika pombe kali au mishipa iliyojazwa nta ya rangi ili matawi yake yaonekane. Na kwa kuwa mwili huoza upesi wakati wa joto, masomo yaliendeshwa hasa majira ya baridi. Baadaye William alijenga shule yake katika mtaa wa Great Windmill, yenye ukumbi wa mihadhara na makumbusho, na alipofariki mwaka 1783 kazi iliendelezwa na mpwa wake Matthew Baillie. Ni haki kusema kwamba wapasuaji wengi wa Uingereza wa kizazi kile waliujua mwili kwa sababu ya walimu binafsi wa namna hii.

Lakini maiti zilitoka wapi? Sheria ya 1752 iliwapa wapasuaji miili ya wauaji walionyongwa, nayo haikutosha hata kidogo, hivyo walimu wakanunua kutoka kwa wezi wa makaburini, ambao watu waliwaita wafufuaji. Kwa kuwa sheria haikuitambua maiti kuwa mali ya mtu yeyote, kuichukua lilikuwa kosa dogo, ilhali kuchukua sanda ulikuwa wizi kamili. Kwa hiyo wafufuaji waliivua sanda na kuirudisha kaburini kabla ya kuondoka. Wenye fedha walizika wafu wao chini ya vyuma na kuweka walinzi, na maskini, ambao makaburi yao yalikuwa ya kina kifupi na mara nyingi ya pamoja, ndio waliolipia elimu ya madaktari kwa miili ya jamaa zao.

Mjini Edinburgh, ambako profesa wa chuo kikuu, Alexander Monro wa tatu, aliwachosha wanafunzi kwa mihadhara yake, walimu wa nje ya chuo walijaza madarasa, na Robert Knox alikuwa na wanafunzi wapatao 500 mwaka 1828. Msaidizi wa Knox hakuuliza maswali mengi, na William Burke na William Hare, waliolipwa paundi 7 na shilingi 10 kwa maiti ya kwanza ya mpangaji aliyekufa kwa ugonjwa, waliona kwamba kuua kulikuwa na faida kuliko kuchimba: waliwaua watu 16. Burke alinyongwa Januari 1829, Hare akaachiwa kwa kutoa ushahidi, na Knox hakushtakiwa.

Mauaji mengine kama hayo yalipofichuka London mwaka 1831, Bunge lilipitisha Sheria ya Anatomia ya 1832, iliyoruhusu kutumiwa kwa maiti zisizodaiwa na jamaa, hasa za watu waliofia katika nyumba za kutunzia maskini na hospitalini. Wizi ulikoma, na shule binafsi zikafifia kadiri shule za hospitali zilivyotwaa wanafunzi wao. Lakini mzigo ulibaki mabegani mwa walewale maskini, safari hii kwa idhini ya serikali. Mifupa ya Burke, aliyehukumiwa pia kupasuliwa, imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.