Unguja Iliyomo Vinywani Mwetu

Nilipofundisha Kiswahili hapa Moshi, niliwaambia wanafunzi wangu Wachaga kwamba msingi wa lugha sanifu ni Kiunguja. Sikuwaeleza Unguja yenyewe iliundwa na nani.

Mnamo 1840 Seyyid Said wa Oman alihamishia makao yake huko, na mikarafuu ikatanda visiwani. Waarabu walimiliki mashamba, Wahindi wakakopesha mitaji, na watumwa kutoka bara, wakiwamo Wayao na watu wa Nyasa, wakachuma karafuu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873; utumwa wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1897.

Historia hiyo imo vinywani mwetu: karafuu ni neno la Kiarabu, bandari la Kiajemi, gari la Kihindi, meza la Kireno. Hata hivyo, sarufi iliyoyapokea yote ni ya Kibantu. Mtu na watu wa Unguja ndio mndu na wandu wa huku mlimani.

Laiti ningaliwaeleza hayo mapema wale vijana wa Marangu na Kibosho waliodhani wanaazima lugha ya wenyewe! Ngeli zake walizijua tangu kwa mama zao.