Baraza Ambalo Bibi Hakuliamkia

Bibi yangu mzaa mama aliitikia shikamoo za watoto wote wa mtaa wetu pale Pangani, hata za wale watukutu waliomwangushia maembe yake mabichi. Lakini kulikuwa na baraza moja, nyumba ya nne kutoka kwetu ukielekea mtoni, ambalo alilipita kimya. Jioni wazee walikaa pale na vikombe vyao vya kahawa. Bibi alijitanda kanga vizuri, akatazama mbele, akapita. Mimi, niliyefundwa na yeye mwenyewe kwamba mtoto asiyeamkia wakubwa anawatukanisha wazazi wake, nilisimama, nikawaamkia mmoja mmoja, kisha nikamkimbilia. Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, nilimwuliza kwa nini yeye haamkii pale.

Njiani hakunijibu. Alinijibu kesho yake, tukiwa ukumbini, akisuka ukili. Miyaa ilikuwa imelowekwa kwenye beseni, mingine ya rangi ya zambarau, mingine imeachwa hivihivi, na vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama. Alisema mama yake alilitamka neno lile mbele ya baraza lile kila asubuhi tangu alipojua kusema, akiwa chini sakafuni, kwa kuwa pale juu hapakuwa mahali pake. Bwana mwenye nyumba aliitikia "marahaba" bila kuinua kichwa. Siku nyingine hakuitikia kabisa.

"Mama alikwishawaamkia na fungu langu," Bibi akasema. "Mimi hawanidai."

Nilikuja kufundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Katika kila ofisi ya walimu niliyokaa nimesikia kilio kilekile: watoto wa siku hizi hawana adabu, hawaamkii, hawampishi mtu mzima, wanaingia bila hodi. Siwabezi wanaolia hivyo. Mimi mwenyewe huumia mtoto anaponipita kama anayepita mnazi. Lakini anayeililia shikamoo inafaa ajue imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani mpaka ikamfikia yeye.

Maana ya neno hili ni nashika miguu yako. Zamani lilitamkwa "nashikamoo", na katika miji ya pwani lilikuwa hasa neno la mnyonge kwa mkubwa wake, la mtumwa kwa bwana. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa mji wa misafara ya pembe za ndovu na wa mashamba ya miwa kando ya mto, na miwa ile ililimwa, ikakatwa na kusindikwa kwa mikono ya watumwa. Mama wa bibi yangu alikuwa mzalia, maana yake mtumwa aliyezaliwa hukuhuku pwani, anayejua lugha na dini. Wazalia walijihesabu bora kuliko waliotoka kununuliwa karibuni. Juu yao walikuwa waungwana.

Hapa kwenye neno muungwana ndipo nilipokuwa nikiwasimamisha wanafunzi wangu kwa kipindi kizima. Leo ukisema fulani muungwana, watu wanaelewa ni mtu mpole, msemaji mzuri, mwenye kujua kuomba radhi. Zamani maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa, basi. Angeweza kuwa mkali wa kupindukia na akabaki muungwana. Ustaarabu nao umebeba ndani yake jina la Waarabu, kana kwamba mtu hakamiliki mpaka awafuate wao. Mshenzi alikuwa mtu wa kutoka bara, kwa kosa la kutoka bara tu. Hata adabu tunaitumia kwa namna mbili: mtoto ana adabu, na mtoto katiwa adabu, na kila aliyesoma shule zetu anajua hiyo ya pili hutiwa kwa kitu gani. Maneno mengi tunayopimia heshima ya watu yalianza kama maneno ya kupimia nani yuko juu ya nani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekulia pande za Bagamoyo, ameyaeleza mengi ya haya katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Anasimulia kwamba mtumwa wa zamani hakuvaa kofia, hakuvaa viatu, wala kanzu ndefu ya kumfunika miguu. Nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nilimkumbuka Bibi na viatu vyake. Alikuwa na jozi moja ya makubadhi. Alikuwa akiyavaa hata kwenda kisimani, hatua kumi na tano kutoka mlangoni, na tulikuwa tukimcheka. Hakuna aliyetueleza.

Na kilio cha kwamba vijana wameacha njia si cha jana. Mwana Kupona, wa visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake utendi mrefu wa mawaidha mnamo 1858, na haiwezekani kwamba mama mgonjwa angejitaabisha kiasi hicho kama mabinti wote wa wakati wake wangekuwa tayari wanajua kutulia, kusema kweli na kumstahi mgeni. Nauthamini sana utendi ule. Lakini ndani yake mama huyo anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Mama wa bibi yangu ni katika hao waliokuwa wakiepukwa.

Sasa zitazame tarehe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Unguja na Pemba utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1897. Kwetu bara haikuwa hivyo. Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi yao, papo hapo Pangani mwezi Desemba 1889, wakajisifu kwamba wamekuja kukomesha utumwa, kisha wakauacha uendelee. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta kabisa Tanganyika, mwaka 1922. Bibi alizaliwa kati ya tarehe hizo mbili za mwisho, mtoto huru wa mama asiye huru, wakila chungu kimoja.

Baada ya 1922 mtu angetegemea neno la kushika miguu litupwe mtoni. Hakuna tena wa kukulazimisha, ya nini kulisema? Ajabu ni kwamba halikutupwa. Lilibadilisha mwelekeo. Waliokuwa wakilitoa kwa bwana wakaanza kulipokea kwa watoto wao na wa jirani, na watoto wa mabwana nao wakafundishwa kulitoa kwa kila mwenye mvi, awe alizaliwa nyumba gani. Jambo hili halikuamriwa na serikali yoyote, wala sijui mkutano uliolipitisha. Nionavyo mimi, lilifanywa na akina mama wa mitaani, ambao walikuwa wamenyimwa heshima na wakaitaka, na walipoipata hawakuivunja bali waliigawa kwa umri. Umri kila mtu ataufikia akijaliwa. Ubwana haukuwa hivyo.

Nililiona hilo kwa macho yangu mwaka 1974. Bibi alikuwa amekaa ukumbini palepale na ukili wake. Akapita kijana wa nyumba ile ya nne, kitukuu cha yule bwana, amevaa sare ya shule, ametumwa mafuta ya taa. Akasimama, chupa akaishusha chini, akasema, "Shikamoo bibi." Bibi aliuweka ukili pembeni. Nasisitiza hapo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi yake. Aliuweka chini, akafuta mikono kwenye kanga, akainua uso, akamtazama. "Marahaba, baba. Hujambo? Wa nani wewe?" Alikuwa anajua fika ni wa nani. Kijana akataja jina la baba yake. "Mama hajambo? Mwambie namsalimu." Yule akaokota chupa, akaenda zake.

Swali lile la "wa nani wewe" mama yake Bibi aliulizwa njiani mara nyingi, na jibu lililotakiwa lilikuwa jina la mwenye kummiliki. Mbele ya mtoto yule maana yake ilikuwa nyingine: kwenu nakujua, ukianguka nitajua wa kuambiwa.

Miaka ileile shule zilikuwa zikijaa. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka nchi iwapeleke watoto wote shule za msingi ifikapo 1977, na pamoja na kusoma na kuhesabu, darasa zima lilijifunza kusimama na kutoa shikamoo mwalimu kwa sauti moja. Nilipopangiwa kazi Shinyanga mwaka 1981 nilidhani nawapelekea watu adabu ya pwani. Asubuhi ya kwanza msichana wa kijijini alipiga goti mbele yangu, akaniamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", nami nikasimama kama gogo kwa kukosa jibu. Wagogo walikuwa na mbukwenyi, Wahehe na kamwene, kabla shikamoo haijapanda treni. Ilichofanya shikamoo ni kuwapa watu wa makabila zaidi ya mia moja namna moja ya kuanza mazungumzo na mzee wasiyemjua. Wenzetu wa bara ya Kenya wanaongea Kiswahili siku nzima na neno hili halikuwashika hivyo, na wazee wao wanaheshimiwa kwa njia zao.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulitakiwa kuitana ndugu, waziri na mfagiaji. Niliipenda ndugu na naipenda mpaka leo. Mheshimiwa amerudi, ndugu amebaki kwenye mikutano ya chama. Shikamoo imebaki kote.

Basi niseme ninachokiona sasa. Mwaka jana nilikuwa kwenye pantoni, navuka mto kwenda Bweni. Mbele yangu alisimama mtoto wa kike wa kama miaka minane, mfuko wa mboga mkononi. Akamgeukia mama mmoja wa rika langu aliyekaa kwenye benchi, akamwambia shikamoo, kwa sauti iliyosikika. Yule mama alikuwa kwenye simu yake, kidole kinapandisha picha. Aliinua mkono kidogo, namna ya kufukuza nzi. Kichwa hakukiinua. Mtoto alingoja. Akaangalia maji. Nilikuwa wa pili katika mstari, mwenye mvi kuliko yule mama, na mtoto akanipitisha macho asinisemeshe. Kama ningemsimulia mtu sehemu hiyo ya mwisho tu, ningekuwa nimepata mfano wangu wa watoto wasio na adabu.

Tunahesabu shikamoo zisizotolewa. Marahaba zisizotolewa hatuzihesabu. Nimekaa kwenye madaladala nikaona kijana anampisha mzee kiti na mzee anakaa bila hata kumtazama. Nimekwenda ofisi moja kufuatilia mafao yangu, nikamwona karani akimrudisha kijana mlangoni aanze upya kwa kuwa hakuamkia, na alipoamkia karani hakuitikia, alinyoosha mkono kutaka karatasi. Nawajua watu wazima wanaokasirika wakiamkiwa, kwa kuwa eti wanazeeshwa. Na nawajua wanaoiitikia shikamoo vizuri sana inapotoka kwa mtoto wa mkubwa fulani.

Itikio lile la bila kuinua kichwa silo la Bibi. Ni la yule bwana wa barazani. Vizazi viwili vya wanawake vililitoa neno sakafuni na kulifanya zawadi kati ya mtoto na mzee, na nusu ya zawadi hiyo ilikuwa juu ya mzee: kuacha kazi, kutazama, kuuliza mama hajambo, kujua mtoto ni wa nani na kumwombea akue. Nusu hiyo ndiyo inayopungua, na wanaoipunguza ni sisi wenye mvi. Mtoto hujifunza haraka kama neno lake lina pa kutua. Likikosa mara tano, mara ya sita halitoki, na mimi sioni kwa nini alaumiwe yeye.

Najua sababu zipo. Mitaa imejaa watu wasiojuana, mabaraza mengi yamezungushiwa kuta na mageti, na mama akimkanya mtoto wa mwenziwe leo anaweza kuitiwa ugomvi. Hayo nayakubali. Lakini kuinua kichwa hakuhitaji baraza.

Bibi alifariki mwaka 1979. Sikumsikia hata siku moja akiliamkia baraza lile, na kwa hilo sijawahi kumwona mkosefu wa adabu. Walioamkiwa naye walikuwa wengi, na watoto aliowaitikia siwezi kuwahesabu. Kijana wa chupa ya mafuta ya taa alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Nakuomba basi, mwenzangu uliyefika umri wa kuamkiwa. Kesho mtoto akikusimamia na shikamoo yake, weka simu chini, mwangalie, mwitikie marahaba, kisha muulize wa nani na mama yake hajambo. Ungoje akujibu.