Posho ya Watoto: Habari za Wazazi wa Kambi za Katanga

Mshahara hautazami vinywa vilivyo nyumbani. Watu wawili wafanya kazi moja, kwa saa zile zile, chini ya kapita mmoja. Mwisho wa mwezi wapokea fedha sawasawa. Mmoja hana mtoto, mwenzake ana sita. Kwa yule wa kwanza fedha zatosha na kubaki; kwa yule wa pili zakwisha kabla mwezi haujafika nusu. Basi, ni nani ampaye mtoto wa sita chakula chake? Baba peke yake? Bwana wa kazi? Serikali? Swali hili ni la zamani, na katika nchi yetu limejibiwa kwa njia mbalimbali. Twataka kusimulia jinsi lilivyojibiwa katika Katanga, tangu siku za Union Minière mpaka leo. Huko wazazi walipewa, wakazoea, wakanyimwa, wakaanza tena.

Wanaume bila jamaa zao

Union Minière ya Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianza mwaka 1910, wakati njia ya reli ilipofika kutoka kusini. Watu wa kazi walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na tangu mwaka 1925 hata Ruanda-Urundi. Walikuja kwa mkataba wa miezi michache. Wengi waliacha wake na watoto kijijini, wakalala pamoja katika vibanda, wakala chakula kibaya. Magonjwa ya tumbo na ya kifua yaliwaua wengi, na mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ilizidisha vilio.

Katika siku hizo kampani ilimlisha mwanamume mmoja tu, yule aliyeshika sururu. Mkewe alilima kijijini, na watoto walikula katika shamba lile. Mtu akiugua au akizeeka, alirudi kwa ndugu zake. Maana yake nini? Kijiji ndicho kilicholipa gharama za jamaa, na kampani ilinunua nguvu za baba kwa bei ndogo. Hesabu hii haikuandikwa katika kitabu cho chote, lakini kila mama aliyebaki na jembe lake aliijua vizuri.

Kampani yageuza shauri

Kuelekea mwaka 1928 mambo yaligeuka. Kutafuta watu wapya kila mwaka kulikuwa ghali, na migodi ya Rhodesia ilitaka watu wale wale. Tena mtu aliyezoea mashine alikuwa na faida kuliko mgeni wa kila msimu. Basi kampani ikaanza kuandika mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza watu waje na wake zao. Nyumba zikajengwa katika makambi. Posho ya juma, unga, maharagwe, karanga, mafuta, chumvi na nyama, sasa ikahesabu pia mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza kazi hii kwa miaka mingi, aliieleza katika kitabu kidogo mwaka 1946. Nia ya kampani ilikuwa wazi: mtoto aliyezaliwa kambini na kulelewa vizuri ndiye mtu wa kazi wa kesho.

Tuseme kweli, mema yalikuwapo. Mama alizaa mbele ya mkunga. Mtoto mchanga alipimwa uzito, akapewa dawa. Shule zilifunguliwa, na Wabenediktini wa Monsinyori de Hemptinne pamoja na masista wakafundisha humo. Wazazi wengi ambao wenyewe hawakujua kusoma waliona watoto wao wakiandika barua. Vifo vya watoto vilipungua, na makambi yakajaa sauti za watoto.

Lakini kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mkubwa wa kambi alitazama nyumba kama ni safi. Mgeni, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, alipaswa kuandikishwa kabla ya kulala. Mtoto alipokula, alikula kwa sababu jina lake lilikuwa katika daftari la kampani. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyechunguza habari za jamaa hizi kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi jambo hili lilivyogusa cheo cha baba nyumbani. Watoto walijua kwamba chakula, nguo, dawa na shule vyatoka kwa kampani kwa mkono wa baba. Siku baba asipokuwa na kitu mkononi, heshima yake itasimama juu ya nini?

Tena posho ilifuata kazi, na kazi ilifuata bei ya shaba. Wakati wa shida kubwa ya dunia, tangu mwaka 1930, bei ilianguka, na zaidi ya nusu ya watu wakarudishwa makwao, wao na jamaa zao. Wakati wa vita, bei za nguo na blanketi zilipanda lakini mishahara ilibaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 watu wa kazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira mjini Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa pamoja na watu wengine wengi. Posho ya mtoto ilikuwapo siku ile, lakini baba hakuwa na njia ya kusema kwamba haitoshi.

Fadhila na haki

Katika miaka ile ile watu wa Ulaya nao walikuwa wakijiuliza habari za mtoto wa sita. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alisema kwamba mshahara wapasa kumtosha mtu wa kazi mwenye kiasi. Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno, aliongeza wazi kwamba baba apate mshahara wa kutosha mahitaji ya jamaa yake. Lakini itakuwaje? Kama bwana mmoja atawalipa zaidi wenye watoto wengi, atashindwa na jirani yake ambaye aandika vijana wasio na watoto.

Huko Grenoble, katika Ufaransa, Émile Romanet, mkubwa wa kiwanda na Mkristo, alitembelea nyumba za watu wake mwaka 1916. Aliona kwamba wenye watoto wengi hawawezi kuishi kwa mshahara ule ule, akaanza kuwapa nyongeza kwa kila mtoto. Kisha mabwana wa viwanda wakaunda sanduku moja. Kila mmoja alitia humo kwa kadiri ya watu wake wote, na sanduku likawalipa wazazi. Hivi bwana hakupata faida yo yote kwa kumkataa baba wa watoto wengi, kwa sababu alitia fedha zile zile. Ubelgiji uliifanya njia hii kuwa sheria kwa mabwana wa kazi wote tarehe 4 Agosti 1930, na Ufaransa tarehe 11 Machi 1932.

Tazameni tofauti. Posho ya kambi ilitoka katika ghala la bwana mmoja. Fedha za sanduku zilitoka kwa wengi, kwa amri ya sheria, na mzazi aliweza kuzidai. Ya kwanza ni fadhila, hata kama ni kubwa. Ya pili ni haki, hata kama ni ndogo.

Kongo nayo ilipata sheria ya namna hii tarehe 29 Juni 1961, nayo ikaunda taasisi ya taifa ya akiba ya wafanyakazi, iliyojulikana kama INSS. Lakini fungu la fedha za watoto, kwa miaka mingi, lilitolewa katika Katanga peke yake. Mzazi wa Bukavu au wa Kisangani hakulipata. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoeneza haki hii kwa nchi nzima. Hata hivyo sheria hii yamshika mwenye mkataba wa kazi na bwana anayelipa sehemu yake. Mama anayeuza mihogo barabarani, na mchimbaji wa mchanga, hawamo.

Ghala latupu

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa Serikali, na kampani mpya, iliyoitwa baadaye Gécamines, ikarithi migodi, makambi, hospitali na shule. Ilirithi pia desturi ya kulisha. Bei za vitu zilipopanda na zaire ikapoteza nguvu, mfuko wa unga ulikuwa na thamani kuliko mshahara wenyewe. Watu zaidi ya 30,000 walifanya kazi humo katika miaka ya 1980, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na jamaa kubwa.

Basi mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 miji iliporwa. Tangu mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa makambini, walifukuzwa, wakalala katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja gari, na watoto wao wakafa njiani. Shaba iliyokuwa karibu tani 470,000 mwaka 1986 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miezi mingi. Unga ukakoma. Hospitali zikabaki na vitanda bila dawa.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, watu wa kazi zaidi ya 10,000, wenye miaka 25 ya kazi na zaidi, walipewa fungu moja la fedha ili waondoke. Wakaita jambo hilo kuondoka kwa hiari. Lakini mtu asiyelipwa kwa miezi mingi, akiwekewa fedha mezani, ana hiari gani? Wengi walilipa madeni ya duka na ya shule, wakanunua vitu vichache, na baada ya muda mfupi hawakuwa na kitu. Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini tusiwacheke wazazi hawa. Hawakutegemea kwa uvivu. Walifanya kazi miaka 25 na zaidi, na chakula kile kilikuwa sehemu ya malipo yao.

Nani aliokoa watoto? Mara nyingi ni mama. Wanawake wa makambi walichukua majembe, wakalima mahindi na mihogo nje ya mji. Wakauza mikate, makala, mboga na nguo kuukuu. Wengine waliosha mawe ya madini mtoni. Waume wengi, na vijana pia, wakaingia kuchimba kwa mikono. Baba aliyezoea kuleta akajifunza kupokea kutoka kwa mkewe. Katika nyumba nyingine jambo hili lilileta ugomvi, katika nyingine lilileta shauri moja. Gharama za mtoto, ambazo kampani ilizitoa kijijini mwaka 1928, zilirudi juu ya mgongo wa mama.

Mlango wa shule

Katika siku zile zile mzigo mwingine ulianguka juu ya wazazi wa nchi nzima. Serikali haikulipa walimu vizuri, na walimu wakagoma. Ili shule zisifungwe, wazazi walikubali mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuchanga fedha za mwalimu. Ilikuwa dawa ya siku chache, lakini ikakaa karibu miaka 30. Kila mwanzo wa mwezi watoto walirudishwa nyumbani kwa sababu ya deni, na mara nyingi binti ndiye aliyetangulia kuacha shule. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure. Maneno hayo yalingoja mpaka mwezi wa Septemba 2019 ndipo yakaanza kutimizwa.

Watoto wengi sana wakaingia, nasi tulifurahi. Lakini vyumba havikuongezeka kwa siku moja, wala walimu. Walimu waliokuwa wakila kwa mchango wa wazazi walipoteza mchango huo, na wengine hawakuwa bado katika orodha ya mishahara ya Serikali. Sheria njema isiyo na fedha nyuma yake yamwacha mwalimu na njaa, na mwalimu mwenye njaa hawezi kufundisha.

Yatufaayo

Wasomaji wapenzi, tuangalie habari hizi zote pamoja. Mtoto wa kambi alikula vizuri kuliko watoto wengi wa nchi, lakini alikula kwa bei ya shaba. Msaada wa mtoto ukifungwa kwa bwana mmoja, waanguka naye. Ukiwekwa katika sheria, wasimama, kama sheria ina sanduku lenye fedha na wasimamizi waaminifu.

Kwa hiyo tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Mwenye kazi ya mkataba aulize kama jina lake, la mkewe na la kila mtoto limeandikwa katika mfuko wa akiba, na kama bwana wake atoa sehemu yake. Hati ya kuzaliwa isingoje: mtoto asiye na hati ni kama hayupo mbele ya sheria. Wazazi wasiache viti vyao vitupu katika kamati ya shule, waulize fedha zilizotolewa zimekwenda wapi. Na wale wasio na bwana wala mkataba, ambao ndio wengi, waweke akiba kidogo kidogo pamoja na majirani wanaoaminiana, kwa siku ya homa na siku ya daftari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na katika nyumba, baba na mama wahesabu pamoja. Mtoto asijue tu kwamba unga umefika. Ajue umetoka kwa jasho la nani. Hivyo heshima ya wazazi haitafungwa tena katika ghala la mtu mwingine.